Inchi 65 kwa Sebule ya Bi Mkubwa? Safari ya TV Kutoka Chogo Hadi Skrini Bapa

Jumapili moja jioni, kwenye group la familia la WhatsApp, kaka mkubwa alitupia picha ya boksi la TV. Chini yake akaandika: "Inchi 65. Ya bi mkubwa. Jumamosi inaingia Magomeni." Mashemeji wakamwaga emoji za moto, mabinamu wakaandika "hongera boss". Mtu mmoja tu hakushangilia. Mdogo wake wa kike, ambaye ndiye anayekwenda kumjulia hali mama kila wiki, aliandika maneno manne: "Kaka, sebule umeipima lakini?"

Kaka akajibu kwa sauti, huku daladala zikipiga honi nyuma yake: "Nipime nini sasa, mdogo wangu? TV ni TV. Kubwa ndiyo nzuri."

Hela yenyewe haikuwa ya mchezo, ingawa ilitoka kwenye mchezo. Kaka alikuwa ameisubiri zamu yake miezi kumi, na dukani Kariakoo alikuwa ameshaacha advansi. Mama naye alikuwa na mwezi mzima bila taarifa ya habari. Chogo la inchi 21 aliloliacha marehemu mzee lilikuwa limezima, na fundi akasema spea zake hazipatikani tena. Kwa hiyo TV ilikuwa lazima inunuliwe. Ubishi ulikuwa ni ipi.

Ubishi huo unazikuta sebule nyingi mjini, na watu wengi huumaliza kwa kuangalia bei na namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi. Namba hiyo ina historia yake, na ukiijua, kupigwa dukani kunakuwa kugumu kidogo.

Inchi zenyewe zinapimwa wapi?

Mtandaoni wauzaji kibao huandika "TV nchi 55", utadhani wanauza mataifa. Ni inchi, na inchi moja ni sentimita 2.54. Halafu namba hiyo si upana wa TV wala kimo chake. Inapimwa kwa mshazari, kutoka kona ya chini ya upande mmoja hadi kona ya juu ya upande wa pili.

Kwa nini upimaji wa ajabu namna hiyo? Mwaka 1897 mwanasayansi wa Ujerumani, Karl Ferdinand Braun, alitengeneza mrija wa kioo ambao ndio babu wa chogo. Ndani ya mrija hewa imenyonywa. Nyuma kuna kifaa kinachorusha elektroni, na mbele kuna kioo kilichopakwa unga unaong'aa ukigongwa na elektroni hizo. Mirija ya mwanzo ya TV ilikuwa na uso wa duara, kwa kuwa duara huvumilia mgandamizo wa hewa ya nje vizuri kuliko umbo lenye pembe. Na duara hupimwa kwa kipenyo, kutoka ukingo hadi ukingo.

Baadaye viwanda vilipoanza kutoa vioo vya mstatili, wauzaji hawakuwa na sababu ya kuiacha namba yao. Kona hadi kona ndiyo ilikuwa sawa na kipenyo cha zamani, na pia ndiyo namba kubwa kuliko zote unazoweza kuipata kwenye mstatili. Biashara ni biashara. Duara likafa, kipimo chake kikabaki.

Hapa ndipo watu wengi hujichanganya wanapohama kutoka chogo kwenda skrini bapa. Chogo lilikuwa na umbo la 4 kwa 3, karibu na mraba. Skrini za leo ni 16 kwa 9, pana na fupi. Kwa hiyo ukitaka picha yenye kimo kilekile cha chogo la inchi 21, unahitaji skrini bapa ya inchi 26 hivi. Ndiyo maana mtu anayetoka kwenye chogo la 21 akinunua bapa ya 32, akifika nyumbani anaiona ya kawaida tu, wakati kwenye makaratasi ameongeza inchi kumi na moja.

Jambo lingine, inchi zinakua kwa ujanja. Kutoka 43 kwenda 65 unasikia umeongeza inchi 22, karibu nusu. Lakini eneo la picha linaongezeka zaidi ya mara mbili. TV ya inchi 65 ina upana wa sentimita 144 na kimo cha sentimita 81 bila kuhesabu fremu. Hapo ndipo boksi linapofika nyumbani na kabati la TV likaanza kuonekana kama stuli.

Sanduku lenye mgongo

Tarehe 26 Januari 1926, John Logie Baird aliwaonyesha wanasayansi jijini London picha zinazotembea kwenye kifaa chake cha televisheni. Zilikuwa ndogo na zenye kucheza-cheza, lakini sura ya mtu ilitambulika. Novemba 1936 BBC ikaanza matangazo ya kudumu kutoka Alexandra Palace. TV za wakati huo zilikuwa na tatizo moja la kuchekesha. Mrija ulikuwa mrefu kiasi kwamba ukiulaza, sanduku lingejaza chumba. Baadhi ya watengenezaji wakausimamisha wima, uso wa picha ukatazama dari, halafu wakaweka kioo cha kujitazamia kwenye kifuniko cha sanduku. Familia ilikuwa inaangalia TV kupitia kioo, kama mtu anayenyoa ndevu.

Mrija ulifupishwa miaka iliyofuata, lakini mgongo haukuisha. Kadiri picha ilivyokuwa pana, ndivyo miale ilivyohitaji nafasi nyuma ili ienee, na ndivyo kioo kilivyotakiwa kuwa kinene ili kisipasuke. TV ya rangi iliyotolewa Marekani na RCA mwaka 1954 ilikuwa na mrija wa inchi 15 na iliuzwa dola 1,000, hela ya kutisha kwa wakati ule. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Sony wa Japani walifika mbali zaidi. Walitoa chogo lenye picha ya inchi 43, na uzito wake ulikuwa karibu kilo 200. Hiyo siyo TV tena, ni mzigo wa mkokoteni. Leo inchi 43 kijana mmoja anaibeba kwapani na kupanda nayo bajaji.

Kwa hiyo kwa miongo mingi swali la "inchi ngapi" halikuwa gumu. Fizikia ilishakuamulia. Sebule za watu wa kawaida zilikuwa na 14, 20 au 21, na mwenye uwezo alinunua 29 akaitwa tajiri wa mtaa.

TV inaingia Uswahilini

Afrika Mashariki haikuipata TV siku moja. Kenya ilianza mwaka 1962, kabla hata ya uhuru wake. Zanzibar ilianza mwaka 1973, tena moja kwa moja na picha za rangi, wakati nchi nyingi za Afrika zilikuwa bado kwenye nyeusi na nyeupe. Afrika Kusini, pamoja na utajiri wake wote, ilianza rasmi Januari 1976, baada ya Wazanzibari kuwa wameshazoea.

Tanzania Bara ikakaa bila kituo chake cha TV mpaka mwaka 1994, vituo binafsi vilipoanza kurusha matangazo, ITV ikiwemo. Televisheni ya Taifa ikaja mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kabla ya hapo, wa Dar aliyekuwa na TV aliitumia kuangalia kanda za video, au alisimamisha antena juu ya mlingoti mrefu kuinasa Zanzibar kutoka ng'ambo ya bahari.

Mzee wa Magomeni alinunua chogo lake katika miaka hiyo ya mwanzo ya vituo binafsi. Watoto wake wanaikumbuka siku hiyo kuliko sikukuu yoyote. Liliingia sebuleni likiwa limebebwa na watu wawili, likawekwa juu ya kabati, na kabla ya jua kuzama mama alikuwa ameshalifunika kitambaa cheupe alichokidarizi kwa mkono. Usiku wa kwanza sebule ilijaa. Watoto wa majirani waliambiwa waoshe miguu kwanza, kisha wakakaa kwenye mkeka. Wakubwa walikaa kwenye makochi. Vijana walisimama mlangoni. Wasiopata nafasi walishika nondo za dirisha.

Kila aliyekulia Uswahilini ana upande wake kwenye picha hiyo. Kuna waliokuwa ndani na kuna waliokuwa dirishani. Wa dirishani wanajua jinsi mlango unavyofungwa katikati ya sinema kwa sababu mwenye nyumba amechoka kelele. Wengi wao leo ni watu wazima wenye kazi zao, na wakiingia dukani hawanunui TV tu. Wananunua na lile dirisha. Muuzaji mjanja akisema "boss, hii hata jirani ataiona", anajua anagusa wapi.

Lakini tazama hesabu ya sebule ile. Watu kumi na tano waliangalia picha yenye kimo cha sentimita 30 na kitu, na wakafurahi. Aliyekaa mkekani aliona mistari ya picha ikitetemeka. Aliyesimama mlangoni aliona sura za watu bila kuona macho yao. Sehemu nzuri kuliko zote ilikuwa moja, nayo ilikuwa kiti cha mbao cha mzee, ambacho hakuna mtoto aliyethubutu kukikalia. Kwa nini kilikuwa pale na si pengine, hakuna aliyeuliza. Kiti cha baba huwa hakiulizwi.

"Usikae karibu, utaharibu macho!"

Hakuna mtoto wa enzi za chogo ambaye hakuambiwa maneno hayo. Mama wa Magomeni aliyasema, na mama wa Chicago aliyasema pia, kwa sababu zinazofanana.

Mwaka 1967 nchini Marekani, kampuni moja kubwa iligundua kwamba baadhi ya TV zake za rangi zilivujisha miale ya X kupita kiwango kilichoruhusiwa. Watu waliambiwa wakae mbali kidogo na TV zao, na mwaka uliofuata sheria ya kudhibiti mionzi ya vifaa vya umeme ikapitishwa. TV zilizofuata zilidhibitiwa, na vioo vya machogo vilichanganywa na madini ya risasi ili kuizuia miale hiyo. Hofu ilibaki vinywani mwa wazazi hata baada ya tatizo lenyewe kupungua.

Sababu ya pili ya kukaa mbali ilikuwa picha yenyewe. TV ya chogo kwa mfumo wetu ilichora picha kwa mistari 576 hivi inayoonekana. Ukiisogelea unaiona mistari. Ukirudi nyuma, mistari inaungana, inakuwa sura ya mtu. Umbali mzuri ulikuwa kama mara sita ya kimo cha picha. Kwa chogo la inchi 21, hiyo ni chini kidogo ya mita mbili.

Wajapani ndio waliolifanyia kazi swali hili kwa kina. Baada ya michezo ya Olimpiki ya Tokyo mwaka 1964, watafiti wa shirika la utangazaji la NHK walianza kujiuliza TV ya kesho iweje ili mtazamaji ajione yupo uwanjani. Walijaribu ukubwa wa picha, umbo lake na umbali wa kukaa. Kutoka kwenye kazi hiyo ndiyo ikazaliwa picha ya HD, iliyobuniwa mtu akae umbali wa mara tatu tu ya kimo cha skrini. Ilipokuja 4K, yenye nukta mara nne ya HD kamili, umbali ukaweza kushuka hadi mara moja na nusu.

Hapo ndipo siri ya saizi ilipo. TV ya inchi 55 ina kimo cha sentimita 68. Ukiwa unaangalia picha ya HD, mita mbili na kidogo zinatosha. Ukiwa unaangalia 4K halisi, unaweza kusogea zaidi na usione kasoro. Lakini ukiwa unaangalia chaneli ya king'amuzi yenye ubora uleule wa zamani, skrini hiyo inakutaka ukae mita nne nyuma, na sebule nyingi za kupanga hazina mita nne. Picha ya zamani ikivutwa kwenye skrini kubwa inakuwa na ukungu, kama picha ya pasipoti iliyokuzwa ikawa bango.

Kwa wasiopenda hesabu nyingi, kuna njia fupi inayotumika sana: pima umbali kutoka kichwa cha mtazamaji hadi skrini itakapokaa kwa sentimita, gawa kwa 1.6, kisha gawa kwa 2.54. Jibu ni inchi zinazofaa kwa matumizi mchanganyiko. Anayependa kujisikia yupo sinema anaweza kugawa kwa 1.2 badala ya 1.6, ila ahakikishe anachoangalia kina ubora wa kutosha.

Skrini inakonda, majina yanaongezeka

Chogo halikufa kwa ghafla. Plasma, skrini yenye vyumba vidogo vya gesi inayowaka, ilibuniwa Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 1964, ikachukua zaidi ya miaka thelathini kufika sebuleni. Ilikuwa na rangi tamu, ila ilikula umeme na ilipasha joto chumba. Kufikia mwaka 2014 makampuni makubwa yalikuwa yanaiacha.

Iliyoshinda ni LCD. Hiyo haitoi mwanga yenyewe. Ina taa nyuma, na mbele kuna mamilioni ya vipazia vidogo vinavyofungua na kufunga. Zamani taa za nyuma zilikuwa mirija membamba kama taa za dukani. Baadaye zikawekwa taa za LED, na wauzaji wakabadilisha jina lote. Kwa hiyo "LED TV" ni LCD yenye taa za LED nyuma yake, basi. Taa hizo nyeupe zisingewezekana bila LED ya bluu, na watatu walioivumbua walipewa Nobel ya fizikia mwaka 2014.

QLED nayo ni ndugu yuleyule, ila imeongezewa tabaka la chembe ndogo sana zinazosafisha rangi. Waliozigundua na kuzitengeneza chembe hizo walipewa Nobel ya kemia mwaka 2023. OLED ni ukoo mwingine kabisa: kila nukta inajiwasha na kujizima, kwa hiyo nyeusi inakuwa nyeusi kweli. Sony waliuza ya kwanza mwaka 2007 ikiwa na inchi 11 tu, na mwaka 2013 LG wakaleta ya inchi 55.

Ipi nzuri? Inategemea sebule. OLED inang'ara kwenye chumba chenye giza. Kwenye sebule yenye dirisha kubwa linalotazamana na TV na jua la saa nane mchana, LED au QLED yenye mwanga mkali itakufaa zaidi. Na nyumba ambayo TV inashinda kwenye chaneli moja kutwa, nembo ya chaneli kwenye kona inaweza kuacha alama ya kudumu kwenye OLED.

Katikati ya mabadiliko hayo ikaja zima-moto ya usiku wa tarehe 31 Desemba 2012, analojia ilipozimwa Dar es Salaam na king'amuzi kikawa lazima. Watu wengi waliamini chogo limeisha kazi. Wajanja wakagundua kwamba king'amuzi kinachomekwa tu nyuma ya chogo na maisha yanaendelea. Mzee wa Magomeni alikuwa mmojawapo. Alinunua king'amuzi, akakiweka juu ya kitambaa cheupe, akarudi kwenye kiti chake.

Jumamosi ya tepu

Asubuhi ya siku ambayo inchi 65 ilikuwa iingie, dada alitangulia Magomeni na tepu ya fundi seremala. Kaka alimkuta amepiga magoti sakafuni.

"Mama, shikamoo," kaka alisalimia, kisha akamgeukia mdogo wake. "Ndiyo nini sasa hiki?"

"Marahaba, baba," mama alijibu kutoka jikoni. "Mwache apime. Tangu asubuhi anapima."

Alianza na kabati. Upana wake ulikuwa sentimita 118. TV ya inchi 65 ingezidi kila upande, na miguu yake, ambayo kwenye TV nyingi kubwa inakaa pembeni kabisa, ingening'inia hewani. Kuitundika ukutani kungewezekana, ila ukuta wa matofali ya zamani unaomeguka haukumpa imani, na TV ikitundikwa juu mno mama angeinua shingo kila usiku. Katikati ya picha inatakiwa iwe karibu na usawa wa macho ya aliyekaa.

Kisha dirisha. Lilikuwa mkabala na kabati, na pazia lake lilikuwa jepesi. OLED ikatoka kwenye orodha.

Kisha makochi. Mawili yalikuwa ubavuni, kushoto na kulia, na majirani wa mama hukaa hapo saa mbili usiku kwa ajili ya tamthilia. Kuna skrini za LED ambazo ukizitazama kwa upande rangi zinapauka, na nyingine hazipauki. Hilo halijulikani kwa kusimama mbele ya TV dukani. Lazima usogee pembeni, hatua tatu kushoto, hatua tatu kulia, uone sura za watu zinageuka rangi gani.

Mwisho akapima kiti. Kiti cha mbao cha mzee kilikuwa bado pale pale, na mama ndiye anayekikalia sasa. Miguu yake minne ilikuwa imechimba vishimo vidogo kwenye sakafu ya saruji, kwa miaka yote hiyo. Dada aliweka mwanzo wa tepu kwenye ukingo wa kabati, akaivuta hadi usawa wa kichwa cha mtu aliyekaa.

Mita mbili kasoro sentimita tano.

Alifanya hesabu kwenye simu mara mbili, moja ya chogo na moja ya TV mpya. Chogo la inchi 21, kimo cha picha mara sita, lilitaka mtu akae karibu kabisa na pale. Mzee hakuwahi kusikia habari za Wajapani wala za mistari 576. Alikisogeza kiti nyuma na mbele siku za mwanzo mpaka mistari ikapotea, halafu akakiacha, na sakafu ikaandika jibu.

Hesabu ya pili, 195 gawa kwa 1.6, ikatoa kama sentimita 122, yaani inchi 48. Saizi ya karibu dukani ni 50. Upana wake ni sentimita 111, kabati linaimeza na nafasi inabaki. Chaneli za kawaida za king'amuzi zingekuwa na ukungu kidogo kutoka kwenye kiti, ila si kama kwenye 65, ambayo kwa picha hizo ingemtaka mama akae karibu mita tano nyuma, yaani kwenye korido ya jirani.

Kaka alikaa kwenye kochi la ubavuni, kimya. "Mimi nilitaka apate kubwa," alisema mwishowe. "Mzee alileta kubwa kuliko zote mtaani."

Mama alitoka jikoni akifuta mikono kwenye kanga. "Baba yako hakuleta kubwa," alisema. "Yule wa nyumba ya pili alikuwa na 29. Baba yako alileta iliyoenea hapa."

Walikwenda Kariakoo wote wawili. Mwenye duka hakurudisha advansi, ila alikubali kubadilisha mzigo. Kaka ndiye aliyesogea pembeni hatua tatu kushoto na hatua tatu kulia, na ndiye aliyeomba TV itolewe kwenye ile hali ya rangi kali za kuvutia wateja na ichomekwe king'amuzi, badala ya ile video ya kasuku na maua ambayo hupendeza kwenye TV yoyote. Chenji iliyobaki ilinunua kifaa cha kulinda TV dhidi ya umeme unaopanda na kushuka, na luku ya mwezi.

Chogo likachukuliwa na fundi. Dada alimsihi asilivunje hovyo, kwa sababu ya risasi iliyomo kwenye kioo na umeme unaoweza kubaki ndani hata baada ya kuchomoa waya. Jioni TV mpya ikawaka. Mama alileta kile kitambaa cheupe, kimefuliwa na kupigwa pasi, akataka kukitandika juu yake kama zamani. Hakikukaa. TV za siku hizi hazina mgongo wa kulalia kitambaa. Alikishika kidogo mikononi, akakikunja mara mbili, akakiweka juu ya kabati, king'amuzi kikakaa juu yake.

Kisha akakaa kwenye kiti. Hakuna aliyekuwa amekisogeza.